Pasta kijana ameniuliza ningeanza upya ningefanya nini tofauti

Kuna pasta kijana wa upande wa Malava, huko Kakamega, ameniandikia, barua yake ni ndefu nafupisha tu. Anasema: "Bwana asifiwe Mchungaji. Niko mwaka wa pili kwa huduma, kanisa letu ni la mabati, tulikuwa watu kama 60 lakini tangu kanisa kubwa lifunguliwe hapo karibu na stendi, na vyombo na skrini ya kuonyesha maneno ya nyimbo, tumebaki 35 hivi. Nasoma sana, nafunga, nahubiri mpaka sauti inaisha na sioni kitu. Simu inalia usiku na mchana. Mke wangu amejifungua juzi na ananiona kama mgeni kwa nyumba. Wewe umemaliza mbio, ungeanza upya ungefanya nini tofauti?"

Amen, asifiwe sana ndugu yangu mdogo. Na hongera kwa mtoto. Kabla hujaendelea kusoma weka simu chini uende umsalimie mama yake, umuulize amelala namna gani, alafu urudi. Mimi niko, sina haraka.

Sasa. Ningefanya nini tofauti? Ningehubiri kidogo na kutembea sana. Hilo ndilo jibu langu baada ya miaka 38, na hayo mengine yote nitakuandikia hapa yametoka hapo.

Nilianza 1985 nikiwa na miaka 25, kanisa la kwanza likiwa upande wa Emuhaya, huko Vihiga. Nilikuwa kama wewe kabisa. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri naandaa ujumbe, Jumapili nahubiri saa nzima na nusu, shati imelowa, watu wanasema amina, mimi narudi nyumbani najua nimefanya kazi. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mzee, alikuwa anakaa benchi ya pili upande wa dirisha kila Jumapili. Sijui alianza kukosa lini, hiyo ndiyo aibu yenyewe, sijui. Siku moja napita kwa baiskeli nikamwona amekaa nje kwake anachambua mboga, nikasimama nikamwambia mama siku hizi hatukuoni ibadani. Akaniambia nikae. Akaniletea chai na nduma, akangoja nimalize kikombe cha kwanza, ndio akasema, polepole, bila hasira, kwa Kinyore: Pasta, wewe unajua vile Paulo alipita kila mji, na hukujua mimi nilikuwa wapi. Kumbe alikuwa amelazwa wiki tatu. Amelazwa, ametoka, amerudi nyumbani kwa matatu akiwa amekalia gunia la mtu, na mchungaji wake hana habari, juu alikuwa ndani ya nyumba anaandaa ujumbe.

Nakuambia hiyo nduma ilinikwama kooni.

Kwa hivyo hilo kanisa la stendi usiliogope sana. Sisi watu wa magharibi tumezoea makanisa kufuatana kila kilima. Wamishenari wa Quaker walifika Kaimosi 1902, Kanisa la Mungu likaanza Kima 1905, Waanglikana wakafungua shule Maseno 1906, Wakatoliki wa Mill Hill wakati huo washafika Mumias, alafu baadaye yakaja ya watu wetu wenyewe kama ile African Israel Nineveh ya Zakayo Kivuli 1942. Kila mmoja wao aliambiwa atamaliza mwenzake na hakuna aliyeisha. Wako vijana wataenda kwa sababu ya kinanda na skrini, waache waende, na ukikutana nao sokoni wasalimie kwa majina kama kawaida usiwanunie. Lakini wengi, na hapa nasema kitu nimekiona tena na tena, walitoka moyoni kitambo kabla hilo kanisa halijafunguliwa. Walikuwa na jambo nyumbani na hakuna mtu alipita kuuliza.

Sasa kutembelea watu pia kuna namna yake, na hii hakuna mtu alinifundisha chuoni, kwa hivyo wacha nikae hapa kidogo. Nunua daftari. Kila nyumba ipe ukurasa wake, andika majina ya wote mpaka watoto, andika nani ako shule gani, nani mgonjwa, nani anatafuta kazi, na lile jambo waliloomba uliombee. Ukirudi mara ya pili unaanzia hapo, unauliza, yule kijana alipata ile nafasi? Utaona sura ya mama wa nyumba venye inabadilika. Usiende saa saba mchana, juu ukienda saa saba hapa kwetu watakuchinjia kuku, na pengine huyo kuku ndiye alikuwa wa kuuzwa mtoto apelekwe shule, na hawawezi kukwambia. Enda saa kumi, saa ambayo chai inatosha. Usiende nyumba ya mama aliye peke yake ukiwa peke yako, chukua mzee wa kanisa au mama mmoja wa kikundi muende pamoja, hata kama unajiamini, siyo wewe unalindwa peke yako, hata yeye jina lake linalindwa. Na ukifika ongea kidogo. Nyumba mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, watu 35 utawamaliza kwa wiki chache tu, alafu unaanza tena. Hiyo ndiyo kazi.

Na mahubiri yatabadilika yenyewe, utaona. Ukisimama mbele na unajua nani jana hakulala, kuna maneno hutayasema na kuna mengine utayasema polepole.

Hilo nililijifunza kwa uchungu zaidi Kisumu. Nilipelekwa huko miaka ya tisini, nikihudumu upande wa Nyalenda, na wewe ulikuwa hujazaliwa au ulikuwa mtoto mchanga kwa hivyo hujui vile ilikuwa. Ukimwi ulikuwa unabeba watu. Hizi dawa za kumeza kila siku na mtu anaishi, za bure hospitali ya serikali, hazikuwepo. Serikali yenyewe ilitangaza janga la kitaifa 1999, sisi tulikuwa tumeshazika miaka. Kuna wiki nilienda matanga manne, mochari asubuhi, mazishi mchana, jioni kwa kesha ya mwingine. Na hakuna mtu alitaja huo ugonjwa kwa jina, wengine walisema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wengine ni kifua, wengine wamerogwa, sisi wachungaji tukasema ni dhambi.

Nilizika kijana mmoja wa miaka 27. Jeneza limewekwa kwa vijiti chini ya turubai, mama yake amekaa kando ya kichwa na leso yake, jua kali. Mimi nikafungua Warumi 6, mshahara wa dhambi ni mauti, na nikahubiri kwa nguvu juu nilitaka vijana waliosimama kule nyuma waogope. Nilidhani hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kuokoa roho. Katikati ya mahubiri yule mama akainuka, akashika kiti chake cha plastiki, akakigeuza, akakaa akinipa mgongo, akiangalia jeneza. Hakusema neno. Akakaa hivyo mpaka tukamaliza kufunika kaburi.

Hakurudi kanisani, langu wala la mtu mwingine. Ilinichukua miaka mitatu kuwa na ujasiri wa kumtafuta, nikampata anauza omena soko la Kibuye, nikamwambia mama nimekuja kuomba msamaha kwa maneno niliyosema juu ya mtoto wako. Akaniangalia. Akavuta kigoda chake kingine akasema kaa. Nikakaa pale karibu saa moja akiuza, wateja wakija na kwenda, na hatukuongea mambo ya kanisa hata kidogo, aliniambia tu huyo kijana alikuwa anapenda nini, alikuwa anacheza mpira namba gani, alikuwa anamletea mafuta ya taa kila mwisho wa mwezi. Mambo ambayo ningeyajua kama ningeenda kwake kabla ya siku ya mazishi. Tangu hiyo siku kila nikipita Kisumu nanunua omena kwake.

Kwa hivyo matanga, ndugu yangu. Upande wetu huu mtu anaweza kukosa kanisa miaka kumi lakini siku ya matanga atakuwa hapo, amesimama nyuma, anakusikiliza. Hapo ndipo watu wanakupima. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na hiyo ndiyo sehemu pekee walifanya vizuri, makosa yalianza walipofungua mdomo. Fika mapema, siku ile ya kwanza ambayo hakuna tenti wala kamati, kaa na familia kwa moto. Jumamosi, siku ya mazishi, sema kwa ufupi, taja jina la marehemu, taja jambo moja la kweli umelijua juu yake, soma neno, ombea waliobaki, keti.

Kuna jambo lingine la Kisumu nataka ulisikie. Nilikuwa nalaumu wavuvi kwamba hawaji ibada. Sasa mzee mmoja akanipeleka Dunga usiku mmoja nione, na nikaona taa zimejaa ziwani kama mji. Wale wa omena wanavua usiku kwa taa, wanarudi alfajiri, kina mama wanawangoja ufuoni wachukue omena waanike, kufika saa tatu asubuhi huyo mtu amekufa na usingizi, na mimi saa hiyo ndiyo ninapiga kengele. Lakini mwezi ukijaa taa hazivuti omena, hawaendi. Basi tukaanza kukutana nao siku za mbalamwezi, jioni, hapo hapo karibu na mitumbwi. Walikuja. Sikuongeza hata neno moja kwa mahubiri yangu, nilibadilisha siku tu. Fikiria watu wako wa Malava, wa miwa, wa boda, wa kibarua, hiyo saa nne yako ya Jumapili inamfaa nani?

Sasa nyumba yako. Hapa naandika nikiwa na mzigo.

1997 kijana wetu wa pili alishikwa na malaria usiku, akaanza kutetemeka na kupinda shingo. Mimi nilikuwa kesha ya kanisa lingine kabisa, nimealikwa, nakemea mapepo. Simu hazikuwepo. Mke wangu alimfunga mgongoni akatoka nje saa nane usiku, akatafuta mwenye boda ya baiskeli, akambembeleza, wakaenda hospitali kwa giza. Nilirudi asubuhi nikapata mlango umefungwa, jirani ndiye aliniambia. Mtoto alipona, asante Mungu, leo ako na watoto wake. Lakini mama yake hakuniongelesha siku kadhaa, na alipoongea aliniuliza tu hivi: wewe ni mchungaji wa kila mtu, mimi mchungaji wangu ni nani?

Sikuwa na jibu. Ile 1 Timotheo 3 inasema mtu asiyejua kusimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa, mimi nilikuwa nimeihubiri hiyo mara nyingi kwa harusi za watu.

Mke wako amejifungua juzi. Huu ni wakati ambao akikukosa hatasahau. Fanya hivi, na wazee wa kanisa wakinuna waonyeshe hii nimeandika: Jumatatu ni ya nyumba yako, hakuna mkutano, hakuna maombi ya mtu, ogesha mtoto, fua nepi. Ikifika saa tatu usiku, simu ipokelewe na mzee wa zamu, na yeye ndiye ataamua kama ni la kukuamsha. Kifo, ajali, mtu anajifungua, hayo wakuamshe. Mtu ameota ndoto mbaya, ataomba na mzee na atalala. Musa pia aliambiwa na baba mkwe wake kwamba anachofanya si chema, atachoka yeye na watu pamoja, agawe kazi. Na Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena. Umeandika kwa barua yako kwamba unafunga sana. Ndugu yangu, kwa sasa kula, na ulale. Na kama huo uchovu unaendelea hata ukilala, unaamka na giza moyoni, enda hospitali uongee na daktari, usione ni ukosefu wa imani.

Pesa nitasema haraka. Usishike sadaka peke yako, kamwe. Ihesabiwe na watu watatu hapo hapo mbele, iandikwe, wasaini, iende benki au ikiwa ni ya simu iingie laini ya kanisa siyo ya pasta. 1994 nilikuwa nimetunza shilingi 4,000 za mabati nyumbani kwangu, karo ikanibana, nikachukua nikisema nitarudisha mwisho wa mwezi. Nilirudisha, lakini baada ya miezi mitatu, na katikati hapo mhazini aliuliza na mimi nikamdanganya machoni. Niliungama mbele ya wazee baadaye na wakanisamehe. Yule mhazini hakuwahi kuniangalia vile alikuwa ananiangalia kabla.

Na wanasiasa, juu uchaguzi wa 2027 uko karibu na watakuja, hata kanisa la watu 35 watakuja. Nilikuwa Nakuru kuanzia 2003, upande wa Kaptembwo, kanisa la watu wa makabila yote, Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, sisi Waluhya, Wakisii, na nilijivunia hiyo sana. Kampeni za 2007 zikaja. Tulikuwa tunajenga, na mgombea mmoja akaja Jumapili na bahasha ya 50,000, nami nikampa mikrofoni. Akaongea dakika kumi. Hakutukana mtu, lakini kila mtu aliyekaa pale alielewa ni kina nani walikuwa wake na ni kina nani hawakuwa. Niliona wengine wakiangalia chini. Nikapiga makofi na nikaomba baraka.

Mwisho wa Januari 2008 fujo ya baada ya uchaguzi ikafika Nakuru, na unajua yaliyotokea, sitaki kuandika yote. Watu walikimbilia uwanja wa maonyesho, showground, maelfu. Nilienda huko na unga na blanketi kutafuta watu wangu, nikampata mzee wetu mmoja wa kanisa na familia yake chini ya turubai, nyumba imechomwa. Nikataka kuomba. Akanishika mkono akasema ngoja kwanza, nikuulize. Ile Jumapili ulimpa yule mtu mikrofoni, ulikuwa unatuchunga sisi ama yeye?

Viongozi wakubwa walitia saini makubaliano Nairobi tarehe 28 Februari, wakapeana mikono. Sisi ilituchukua zaidi ya miaka miwili watu wale wale kukaa tena benchi moja na kushiriki meza ya Bwana, na nyumba nyingine hazikurudi kabisa. Niliwatembelea moja moja na lile daftari langu, mpaka wengine waliohamia Njoro na Molo. Wengine hawakunifungulia. Kwa hivyo mwanasiasa akija msalimie, mpe kiti, muombee kama unavyomuombea mtu yeyote, lakini mikrofoni hapana, na akitoa sadaka itoke kwa bahasha kama ya wengine bila kutangazwa. Atakasirika. Wengine kwa wazee wako pia watakasirika, watasema umekosesha kanisa mabati. Vumilia.

Jambo la mwisho lilinifundisha nikiwa mzee tayari. Nilikuwa nimerudi Vihiga, 2020 makanisa yakafungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa Julai sheria ikasema watu wasizidi 100, ibada saa moja, na wa zaidi ya miaka 58 wasiingie. Mimi nilikuwa na 60. Miezi hiyo nilikaa kwangu kwa kibaraza Jumapili asubuhi, nasikia kwa mbali vijana niliowalea wakiimba na kuongoza, na ibada ilienda. Ilienda vizuri. Nililia kidogo, si kwa huzuni, ni vile niliona ningewapa nafasi miaka kumi kabla. Wewe hata na watu 35 anza sasa, mpe kijana mmoja asome neno, mama mmoja aongoze maombi ya wagonjwa, mwingine ahubiri mwezi ukiisha na wewe ukae kwa benchi usikilize.

Na uanze kuweka NSSF ya hiari, ile akiba ya uzeeni, hata kidogo kila mwezi, na kipande cha shamba chenye jina lako. Nimewajua watumishi wenzangu waliotolewa nyumba ya kanisa siku ya kustaafu wakiwa hawana pa kuweka kitanda.

Basi leo usiandae ujumbe mpya. Chukua daftari, andika hao 35 wote, alafu chini yao andika wale 25 waliotoka, nao pia wape kurasa. Kesho saa kumi anza na yule hujamwona muda mrefu zaidi, enda na mzee mmoja, na usimuulize kwa nini haji. Mwezi ujao nakuja Malava kwa dada yangu, nitapita tukae, unionyeshe huyo mtoto na hilo daftari. Na tafadhali mwambie mama asinichinjie kuku, nitafika saa kumi.